Twiga wa Karatasi wa Mtaa Wetu

Mnyama wa porini ninayempenda kuliko wote ni twiga, na mapenzi hayo yalinishika katika nchi isiyo na twiga hata mmoja. Anayetaka kucheka na acheke. Nilizaliwa Ambanoro, kule kisiwani Nosy Be, katika nchi ya Wamalagasi, ambako koko wangu, ndivyo tulivyomwita bibi, alikuwa mchumaji wa maua ya mlangilangi. Miti ile hukatwa vilele na matawi yake huinamishwa ili wachumaji wayafikie. Koko alikuwa na mkebe wa biskuti wenye picha ya twiga, alimoweka nyuzi. Alikuwa akiniambia, kwa Kiswahili chake cha zamani, kwamba laiti angepewa shingo ile, miti isingeteswa. Basi nikaona huyo ndiye mnyama mwenye akili: chakula kiko juu, naye kakifuata juu.

Nchi ilipopata uhuru tulikuwa tumeshahamia mji wa Mahajanga, na mama alikuwa akishona kofia. Mkesha wa sikukuu ya uhuru watoto huandamana jioni na taa za karatasi zenye mshumaa ndani. Mwaka mmoja mwalimu wetu alitaka taa za mbele, zile ambazo mkubwa wa mji angeziona kwanza, ziwe za wanyama: ng'ombe wa nundu, komba, kasa. Nikasema mimi nitaleta twiga. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, ila alisema taa yangu itakwenda nyuma kabisa, maana mnyama huyo si wa hapa.

Msichana niliyekaa naye dawati moja akanigeukia. "Si wa hapa," akasema, "kama nyinyi mliotoka Komoro."

Masikio yaliniwaka moto. Babu yake babu yangu amezikwa Nosy Be, na mimi sijawahi kuiona Komoro hata kwa mbali. Iliniuma sana, na sikuwa mtoto wa kuumia kimya. Nikaapa kwamba twiga wangu atakwenda mbele, watake wasitake.

Nilimuunda kwa fito nyepesi zilizoletwa na kivuko kutoka Katsepy, nikamvika karatasi, nikampaka madoa kwa mashapo ya kahawa. Mama aliitazama shingo ikirefuka, akaweka sindano chini.

"Mwanangu, shingo yote hiyo ya nini? Ipunguze."

"Nikiipunguza, mama, atakuwa punda."

"Basi na awe punda, mradi usiniunguzie nyumba."

Tatizo halikuwa moto kuwaka, bali kuzimika. Kila nilipouwasha mshumaa tumboni, twiga alijaa moshi na mwanga ukafa. Nilikaribia kulia. Mama akaninyooshea kidole kwenye taa yake ya mafuta. "Chemni iko wazi juu," akasema. "Huyu wako umemziba kichwa, atapumulia wapi?" Nikampasua utosi, katikati ya pembe. Moto ukasimama wima, shingo nzima ikang'aa mpaka masikioni, na mimi nikacheza ngoma peke yangu humo chumbani.

Jioni ya maandamano nikawekwa nyuma, kama walivyosema. Tulikwenda vizuri hadi tulipopinda kufuata ufuko. Upepo wa bahari ukatukuta hapo, tena bila huruma. Ng'ombe akazimika kwanza, kisha komba, kisha kasa, kisha safu baada ya safu, kwa kuwa taa zao zilikuwa fupi na midomo yao mipana. Mwalimu alihangaika na kiberiti chake na hakuna kilichoshika. Twiga wangu aliwaka. Upepo ulipita juu ya utosi wake na moto ukazidi kuvutwa juu kupitia ile shingo waliyoicheka.

Mwalimu akaja nyuma anahema. "Njoo," akasema. "Tangulia, tuone njia."

Nilipita katikati yao wote, kichwa juu. Nilifurahi kupita kiasi na sikuficha furaha yangu. Tulipofika uwanjani, penye ukuta wa kukinga upepo, nikapiga magoti, nikafungua kidirisha cha tumboni, na kila mtoto akaja kuwashia mshumaa wake kwa twiga. Msichana wa dawati langu naye alikuja. Nikamwashia, ingawa nilimchelewesha kidogo.

Mkubwa wa mji akasogea, akamtazama twiga kutoka chini hadi juu. "Na huyu," akauliza kwa Kimalagasi, "ni wa nani?"

Kabla sijafumbua mdomo, yule msichana alijibu: "*Anay*."

Maana yake ni "wetu". Lakini Kimalagasi kina "wetu" mbili: moja humtia ndani unayezungumza naye, nyingine humwacha nje. Yeye alitumia ile ya kumwacha mtu nje, na jioni ile aliyeachwa nje alikuwa mkubwa wa mji. Mimi nilikuwa ndani.