Mkunga wa Kilomita ya Tisini na Sita

Saa mbili kasoro robo asubuhi, na jua la Corrabilla limeshaanza kuchoma bati. Nyuma ya hospitali ya mji, Maureen Dacey amefungua buti la gari na anakagua vitu vyake kwa kidole: taulo safi, mtungi wa oksijeni, vibanio vya kitovu, sindano za kuzuia damu ndani ya kijisanduku cha barafu, kofia mbili ndogo za sufu zilizofumwa na akina mama wa kanisani.

"Na biskuti," anasema, akiisukuma pakiti chini ya kiti. "Kilomita mia moja sitini na nne bila biskuti ni ukatili."

Abiria wake leo ni Keira Lund, mke wa fundi wa pampu, mwenye mimba ya wiki thelathini na sita. Anakwenda kupimwa Hargrave, kwenye hospitali kubwa. Anajipakia kitini taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Mo, kikitokea kitu njiani?"

"Kikitokea kitu, wewe utapiga kelele na mimi nitafanya kazi. Funga mkanda."

Mo, kama mji mzima unavyomwita, ana umri wa miaka hamsini na tisa, na thelathini na minne kati yake ameimaliza katika ukunga. Alizaliwa katika wodi ya vitanda vinne mwisho wa korido ya hospitali hii, na katika wodi hiyohiyo alikuja kuzalisha watoto 611. Miaka mitano iliyopita, serikali ya jimbo, iliyo mikononi mwa wahafidhina, iliifunga.

"Barua ilisema 'kwa muda,'" anasema, macho barabarani. "Mimi najua muda wa uchungu. Najua muda wa kunyonyesha. Muda wa serikali hii sijaujua mpaka leo."

Sababu iliyotolewa ilikuwa kubana matumizi. Mji wa watu elfu tatu, walisema wakubwa, hauzai watoto wa kutosha. Badala yake kila mjamzito aliagizwa ahamie Hargrave wiki tatu kabla ya siku zake, ajitafutie chumba mwenyewe. Chumba cha bei nafuu huko ni dola mia moja na thelathini kwa usiku. Wengi wakawa wanabaki nyumbani hadi uchungu uanze, kisha wanakimbizana na barabara.

Kinachomuuma zaidi Mo ni kwamba Corrabilla ni ngome ya wahafidhina wenyewe. Karibu watu saba kati ya kumi hapa wamekuwa wakiwapigia kura tangu enzi za babu zao. Mmoja wao analala kitanda kimoja naye. Mumewe, Kel, mfuga kondoo asiyependa maneno mengi, hakuwahi kuchagua chama kingine kwa miaka arobaini.

"Nikirudi nyumbani nikilalamika, ananiambia, 'Wape nafasi, Mo.' Namwambia, nafasi gani tena, bwana wewe? Kitanda kizima ni chao, sisi tuko sakafuni!"

Waliishi hivyo, wakitaniana na kununiana, hadi Machi ya mwaka juzi.

Siku hiyo joto lilifika nyuzi arobaini na moja. Shanelle Murray, muuza mikate wa miaka ishirini na miwili, alishikwa na uchungu saa sita mchana, siku kumi na tano kabla ya wakati. Mo aliwapakia yeye na mwenzake, Darcy, wakaondoka. Walipofika kilomita ya tisini na sita, kwenye kituo cha kupumzikia madereva, mtoto hakutaka kungoja tena. Mahali hapo pana meza moja ya zege, pipa la taka na mti mmoja wenye kivuli chembamba. Simu hazishiki.

Mtoto wa kike alitoka vizuri, akalia. Kondo la nyuma likafuata. Kisha damu ikaanza kumwagika na haikusimama.

"Nilimchoma sindano ya kwanza, nikamchoma ya pili. Damu inakuja tu," Mo anasimulia. "Nikamwambia Darcy, chukua gari, kimbia hadi kilimani upate mtandao, ita gari la wagonjwa. Akaniuliza, 'Nikuache bila gari?' Nikamwambia, gari halizuii damu, mwanangu. Nenda!"

Akabaki na Shanelle juu ya meza ya zege, ngumi yake imekandamiza kizazi kwa nguvu zote, jasho likimwingia machoni na nzi wakimtembelea usoni asiweze kuwafukuza. Lori la kondoo likapunguza mwendo, likasimama. Dereva, jitu la ndevu, akashuka na kumwona mtoto amelala kwenye taulo.

"Vua shati," Mo alimwamuru. "Mweke kifuani. Keti hapo kivulini na usimwangushe."

"Bibi, mimi sijui watoto!"

"Na yeye hakujui wewe. Keti!"

Mo alikandamiza kwa dakika arobaini. Gari la wagonjwa lilipofika, mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, na wahudumu walilazimika kumwondoa wao. Shanelle aliongezewa damu chupa nne. Alipona. Alikuwa mwanamke wa tatu kujifungulia kwenye barabara ile tangu wodi ifungwe.

Jioni Kel alimkuta mkewe ameketi kwenye ngazi za nyuma, viatu vyake vimegandiwa na damu. Alisimama akivitazama. Akavichukua, akaviosha bombani, kisha akaingia kwenye banda lake la zana na kuwasha msumeno.

Kulipokucha, kando ya meza ya zege palikuwa na bango jipya la buluu, herufi nyeupe zilizonyooka kama za serikali: WODI YA UZAZI YA CORRABILLA. WAZI SAA 24. NJOO NA TAULO LAKO.

"Nililiona nikipita kazini," Mo anasema. "Nikasimamisha gari, nikacheka mpaka nikalia. Kisha nikatambua mwandiko. Yule mtu huandika herufi R kama ana ugomvi nayo."

Watu wa idara ya barabara waliling'oa baada ya siku nne. Kel akatengeneza la pili. Wakaling'oa. La tatu likachimbiwa kwa zege. Kufikia la tano, madereva wa malori walikuwa wanapiga honi wakipita, na picha zake zilikuwa zimeenea jimbo zima.

Wakubwa wa afya hawakujua kwamba mabango ni ya Kel, ila walijua ni nani aliyezalisha kwenye meza ile. Mo aliandikiwa barua ya onyo: mtumishi wa umma asitoe maoni ya kisiasa.

"Niliwajibu kwa sentensi mbili. Sijatoa maoni. Nimezalisha."

Mbunge wa eneo, Rodney Tulk, naye mhafidhina, hakuweza kukaa kimya tena. Aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa mji, akaja na chati zake. Alizungumzia usalama, uhaba wa wataalamu, na jinsi serikali inavyowajali watu wa mashambani. Ukumbi ulinung'unika. Mo alinyoosha mkono.

"Rodney, kesho una nafasi asubuhi?"

"Kwa nini, Mo?"

"Twende Hargrave. Naendesha mimi. Biskuti zipo."

Mbele ya kamera mbili na majirani zake wote, Tulk hakuwa na pa kukimbilia.

Siku iliyofuata Mo alisimama kilomita ya tisini na sita. Alikunja taulo, akaliweka juu ya meza, akamwonyesha mbunge namna ya kukaza ngumi na kuegemeza uzito wa mwili.

"Kandamiza hapo. Dakika arobaini. Ukilegea, mama amekufa."

Tulk alicheka kidogo. Mo hakucheka. Mbunge akaanza kukandamiza. Dakika ya nne alibadilisha mguu. Ya sita nzi aliingia puani, akapiga chafya, mkono ukateleza. Ya tisa akaliachia taulo, akajishika bega.

"Nimekuelewa," alisema kwa sauti ya chini.

"Hapana," Mo akamjibu. "Umechoka. Kuelewa tutakuona nako bungeni."

Wiki tatu baadaye serikali ilitangaza kwamba itaunda kamati ya kutathmini suala hilo. Ilikuwa kamati ya tatu. Siku hiyo, Mo anakiri, ndiyo pekee aliyotaka kuacha kazi. Aliketi jikoni na chai yake ikapoa.

Kel ndiye aliyezungumza. "Uchaguzi ni Machi," alisema. "Mimi nimewapa nafasi ya kutosha."

Mgombea huru alipatikana, mwalimu wa sayansi wa sekondari. Mo aliombwa agombee yeye, akakataa: "Nani atazalisha? Tulk?" Siku ya kura, watu walipanga foleni uwanja wa shule, soseji na vitunguu vikikaangwa getini kama kawaida. Kel alikaa kwenye kibanda cha kupigia kura muda mrefu hadi mama wa nyuma yake akamuuliza kama amepotea. Alitoka uso mwekundu, akanunua soseji mbili, akampa mkewe moja.

Tulk alishinda. Uchaguzi uliopita alikuwa ameongoza kwa kura zaidi ya elfu tisa. Safari hii zilikuwa 412. Serikali nayo ilirudi madarakani ikichechemea, kwa tofauti ya viti viwili tu.

"Watu walinipa pole," Mo anasema, akiingiza gari kwenye maegesho ya Hargrave. "Pole ya nini? Mtu aliyeponea kwa kura mia nne anapokea simu mlio wa kwanza."

Baada ya uchaguzi, kamati ilimaliza kazi yake kwa wiki sita. Bajeti ya Juni mwaka huu ilikuwa na fedha za kufungua tena wodi, kwa sharti kwamba Corrabilla iwe na wakunga wanne wapya waliokubali kuja kabla mwaka haujaisha, hata kama wataanza kazi baadaye. Wengine mjini waliliona sharti hilo kuwa mtego, kwani wakunga vijana hawapendi kuja bara. Mo aliomba orodha ya wahitimu.

Wakati Keira anapimwa, mkunga huyu ameketi kwenye benchi la nje na simu sikioni. Upande wa pili ni msichana wa Hobart, mji wa pwani, aliyehitimu ukunga mwaka jana.

"Bahari? Hakuna bahari, mpenzi," Mo anamwambia. "Kuna bwawa la kuogelea la mji. Chura wamo, lakini hawasumbui... Mshahara ni uleule. Nyumba utapewa, Kel anapaka rangi sasa hivi... Siasa? Ah, huku siasa tunazo za kutosha. Utazalisha watoto wa wahafidhina wengi sana. Wanalia kama wengine."

Anasikiliza. Uso wake unafunguka polepole.

"Januari? Basi Januari. Njoo na kofia pana."

Anakata simu, anaandika jina la msichana huyo kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino, na kukipepea kikauke.

"Bado watatu," anasema, na tayari anabonyeza namba nyingine.