Wagonjwa Wangu Wote Walisema Wameshiba

Siku yangu ya kwanza kazini hospitalini, Sista Msimamizi wa Jiko alinikabidhi aproni, kofia ya kitambaa na sufuria la uji wa kutosha wodi mbili. Kisha akaniambia, "Deo, hapa hupikii watu wenye njaa. Unapikia wagonjwa. Hizo ni kazi mbili tofauti." Nilikuwa kijana wa Uru, nimemaliza shule, na kahawa ya baba haikuwa tena na bei ya kumsomesha mtu. Wenzangu kijijini walinicheka mwezi mzima. Mwanamume kuchoma nyama kwetu ni heshima, lakini kukoroga uji kwa ajira? Waliniuliza kama hospitali itanipa na khanga ya kujifunga.

Baada ya miaka michache katika jiko kuu nilihamishiwa jiko la chakula maalumu. Hicho ni chakula kinachopikwa kwa agizo la daktari: kisicho na chumvi kwa wenye presha, laini kwa waliotoka kupasuliwa, na cha wagonjwa wa kisukari. Hao wa kisukari walikuwa wakiongezeka. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na maduka ya Moshi mjini yamejaa. Sisi tuliowahi kupanga foleni kwa kilo moja ya sukari sasa tuliikuta imerundikwa mpaka mlangoni, pamoja na soda, mkate mweupe na siagi ya kopo. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ikaonekana chakula cha mtu aliyeshindwa maisha. Kila nyumba ilitaka sembe nyeupe. Sista alikuwa akisema, "Tulipokosa sukari tulilia, na sasa tumeipata tunaletwa kwa machela."

Ndipo akaja Afisa Lishe, ametoka masomoni, na hoja yake ilikuwa pumba. Pumba ni yale maganda yanayobaki mashineni nafaka ikikobolewa. Yana nyuzinyuzi, sehemu ya chakula ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Afisa Lishe alitueleza kwamba tukiziongeza nyuzinyuzi kwenye uji na mkate wa wagonjwa, zitafyonza maji na kujaza tumbo, hamu ya kula itapungua, na mtu atapunguza uzito bila kuteseka. Nilimsikiliza kwa adabu. Kwetu pumba ni za ng'ombe na nguruwe.

Nilizichekecha mara mbili, nikazikaanga kidogo zitoe harufu nzuri, nikazificha kwenye uji kadiri nilivyoweza. Hazikufichika. Mzee mmoja alichota kijiko, akakitazama, akaniuliza kwa upole, "Kijana, umeniona nina pembe?"

Afisa Lishe alinipa pia kadi, kila mgonjwa na yake. Nusu saa baada ya mlo nilipaswa kupita kitanda hadi kitanda nikiuliza, "Umeshiba?" kisha niweke alama katika kimoja cha vyumba vitatu vya kadi: ana njaa, ameshiba kiasi, ameshiba. Siku ya kwanza wote walijibu wameshiba. Siku ya pili wote wameshiba. Wiki zikapita, chumba cha njaa hakina hata alama moja. Afisa Lishe alifurahi mno, akapunguza vipimo vya mlo. Nami nilifurahi, maana aliniahidi kwamba kazi ikienda hivyo atanipendekeza niwe mkuu wa jiko lile. Kwamba sahani zilirudi safi kama zimeoshwa niliona, nikanyamaza.

Miongoni mwao alikuwepo Mzee Aloisi wa Marangu. Ujanani alikuwa mpagazi, akiwabebea watalii mizigo mlimani Kilimanjaro. Kazi ikaisha, mwili ukabaki na ulaji wake uleule. Alikuwa akichomwa sindano ya insulini, dawa inayoshusha sukari mwilini. Kipimo chake hupangwa kwa kuangalia mtu anakula nini, na hilo nililijua vizuri.

Kila jioni mkewe, Mama Theresia, alifika na hotipoti ya kiburu, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Alipitia mlango wa jiko langu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipashie kidogo, kimepoa njiani."

Nikampashia. Ningemkatalia vipi mama wa umri wa mama yangu, aliyetoka Marangu na chakula cha mumewe? Basi mkono uliotoka kuandika "ameshiba" ndio uliopasha chakula cha pili cha mtu huyohuyo. Sukari ya mzee haikushuka. Daktari wa wodi alitazama kadi, akaona mgonjwa anakula kidogo na anashiba, akaongeza dozi. Sukari ikabaki juu. Akaongeza tena.

Siku moja Mama Theresia hakuja. Sikulitilia maanani, nikafunga jiko nikaenda nyumbani.

Asubuhi nilipopeleka uji nilimkuta Mzee Aloisi amelowa jasho, anatetemeka, akimwambia mtu ambaye hatukumwona afunge kamba za mzigo vizuri. Nilimwita, "Meku! Meku!" kama tunavyowaita babu zetu, hakunijua. Muuguzi wa zamu alisema malaria imempanda kichwani, na tayari alikuwa ameishika dripu ya kwinini, dawa ya malaria, wakati daktari anaingia.

Nilisimama na sinia langu. Nilijua kwamba nikisema, ukuu wa jiko umekwenda, na pengine kazi yenyewe. Nisiposema, mtu huyu anakufa mbele yangu.

"Daktari, huyu mzee jana hakushiba."

"Kadi inasema alishiba."

"Kadi nimeijaza mimi. Kila jioni anakula kiburu cha mkewe, na mimi ndiye ninayempashia. Jana mkewe hakuja."

Daktari alimgeukia muuguzi, "Weka kwinini chini. Lete glukosi, haraka." Akaisukuma mwenyewe sukari hiyo kwenye mshipa. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba insulini nyingi juu ya chakula kidogo ilikuwa imeishusha sukari yake kupita kiasi, kwamba kwinini nayo hushusha sukari, na ile dripu ingemmaliza kabisa. Wakati ule nilijua tu kwamba mzee amefumbua macho, amenitazama, akaniuliza kama uji bado ni wa moto. Nililia palepale mbele ya wodi nzima na sikuona haya. Sijapata kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na mke wangu analijua hilo.

Mchana niliitwa ofisini. Daktari alisema, "Umefanya kosa kubwa, na umesema kweli kwa wakati. Sijui nikuandikie lipi."

"Mwandikie yote mawili," Sista alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilipelekwa kwenye kituo chetu kidogo cha afya cha Sanya Juu, na nilihesabu kwamba nimepona kufukuzwa. Kabla ya kuondoka nilimuuliza Mzee Aloisi kwa nini siku zote alisema ameshiba.

"Mwanangu," alijibu, "mtu amekupikia kwa mikono yake, amekuja kitandani kwako kukuuliza kama umeshiba. Utamwambia hujashiba? Ningekuwa nimekutukana wewe na aliyekulea."

Wazee wetu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mficha njaa, kwa sababu kuificha njaa mbele ya mwenyeji ndiko tulikofundishwa tangu utotoni. Hata mimi ningejibu vilevile. Miezi yote ile nilikuwa nikikusanya adabu za watu na kuziandika kwenye kadi ya hamu ya kula.

Sanya Juu niliacha kuuliza. Nilipima kilichobaki sahanini. Nilizungumza na wake na waume wa wagonjwa. Mgonjwa mwenyewe nilimuuliza saa ngapi alianza kuwaza mlo unaofuata, swali ambalo halimvunjii mtu heshima. Pumba zilizomwagwa kwenye uji ziliwatuliza wachache kwa muda mfupi. Wengi walipata gesi tumboni na njaa yao ileile. Maharage, ndizi za kuchemsha na mboga za majani, vitu vyenye nyuzinyuzi zake tangu shambani, walivila taratibu, wakavitafuna, na macho yao yalichelewa kurudi mlangoni kutafuta sinia. Kiburu nacho tukakiingiza kwenye orodha yetu, kwa kipimo, na daktari akijua.

Mimi ni mpishi, sikusomea maabara. Wajukuu wakiniletea biskuti za dukani zilizoandikwa kwamba zimeongezwa nyuzinyuzi na zinakata hamu, huwaambia huenda zipo nyuzinyuzi zinazofanya hivyo, kwa maana ziko za aina nyingi. Ila pakiti moja huwa inaisha kabla sijamaliza maelezo.

Mzee Aloisi aliishi miaka mingi baada ya pale, akaona wajukuu wakibatizwa, akafa kwa uzee. Nilipostaafu nilipanda Marangu kumjulia hali mjane wake. Tukiwa tumekaa, Mama Theresia aliniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema kwangu.

"Siku ile sikuja kwa sababu ng'ombe alikuwa anazaa. Nimeungama kwa padre mara mbili, Deo. Nilimwacha mume wangu na njaa kwa ajili ya ndama."

Nilimwambia, "Mama, kosa lilikuwa langu. Ni mimi niliyeandika kwamba ameshiba." Nikamweleza yote, kadi, dozi na ule ukuu wa jiko nilioutamani.

Akaanza kucheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Na mzee mwenyewe," alisema, "mpaka anakata roho alikuwa akisema ni kosa lake, kwa kukudanganya wewe."