Kinywa cha Nkambo, Sauti ya Mwingine

Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi mlangoni nachambua majani ya sombe, kisamvu chetu, simu ikalia. Binamu yangu anayeishi Lubudi alikuwa ametuma video kwenye kundi la familia. “Angalieni nkambo!” aliandika. Nikafuta mikono kwenye kitenge, nikafungua. Kweli alikuwa yeye, bibi yetu, ambaye sisi wajukuu tulimwita nkambo kama watoto wengi wa Katanga wanavyowaita bibi zao. Ameinama juu ya mbabula, jiko lake la makaa, uani kwake Musonoi. Anasonga bukari, ugali wetu, halafu anainua uso, anatabasamu na kusema. Familia nzima ikaanza kumwaga mioyo myekundu na vikaragosi vya machozi. Mimi niliitupa simu juu ya mkeka.

Usinione nina roho mbaya, rafiki yangu. Kinywa kile ni cha nkambo, lakini sauti si yake. Ni ya mwanamke wa Kinshasa ambaye hatukumtia machoni hata siku moja. Na nkambo hakuwahi kurekodiwa mahali pengine popote. Picha zake tunazo chache, moja ya ubatizo na nyingine ya harusi ya mama mdogo, ila picha hazisemi. Video ile ni tangazo la zamani la unga, la kwenye televisheni, nalo lilikuwa nafasi yetu pekee ya kuihifadhi sauti yake, na tuliikosa ingawa tulikuwa pale pale, tumesimama tunatazama. Hasira hiyo ninayo tangu utotoni, na video ya binamu imeichokonoa upya.

Ngoja nikupeleke Musonoi ile, mtaa wa wachimbaji kando ya mji wa Kolwezi. Nyumba zetu zilikuwa za matofali, zimepangwa kandokando ya avenue ya vumbi jekundu, na nyuma ya nyumba za mwisho kulikuwa na shimo la mgodi. Jioni kila mwanamke alitoa mbabula yake nje, na harufu ya bitoyo, samaki wetu wa chumvi, ikatembea kutoka ua hadi ua, ukajua nani anakula nini bila kuuliza. Kazi yangu ilikuwa kuchekecha unga na kupuliza makaa. Nilipuliza hadi kichwa kikazunguka, kisha nkambo akanisogeza kwa goti na kupuliza mara moja tu, moto ukashika. Nilichukia sana jambo hilo.

Na kulikuwa na king’ora. Kabla ya kulipua baruti shimoni, kililia, na kila mtu wa Musonoi alijua la kufanya. Wageni walitazama angani. Sisi tulifunika chakula. Maana baada ya mlio nyumba ilitikisika, na vumbi la dari likashuka moja kwa moja ndani ya sufuria. Mwanamke angeweza kuwa anagombana, anasuka nywele au anasali, mikono yake ilikwenda yenyewe kwenye sahani ya kufunikia. Nkambo alikuwa na msemo wake: “Funika kwanza, utaogopa nyuma.” Nyuma, yaani baadaye.

Sauti yake sasa. Nitajaribu kukueleza, ingawa utaona mwishoni kwa nini ninaona uchungu kujaribu. Ilikuwa na ukwaruzo, kwa moshi wa makaa na nyimbo za kanisani. Ilianza chini, ikapanda polepole, na mwisho wa sentensi ikakaa huko juu kidogo kabla ya kushuka. Alipoita, watoto waliokuwa wanacheza mbali karibu na reli walisimama, hata wasio wake. Baba wa jirani, fundi magari, alisema mama huyu angefaa kuwa honi ya lori. Nkambo aliipenda sifa hiyo akairudia kwa wageni.

Siku moja wakaja watu wa tangazo. Wenye unga walikuwa wanatafuta bibi wa kweli, si mwigizaji, wakapita avenue yetu wakionja bukari za akina mama. Mkubwa wao, mwenye kuongoza kamera, alikuwa mtu wa Kinshasa mwenye kofia ya majani. Alionja ya nkambo, akaonja tena, akauliza kama anaweza kuketi. Pamoja naye alikuwa kijana wa sauti, mwenye vifaa masikioni na kipaza sauti chenye manyoya kama mkia wa paka.

Walimpa nkambo maneno ya Kifaransa aseme. Alikataa papo hapo.

“Tata, batoto bangu banasikiaka Swahili. Kifaransa yenu mutasema kwenu.”

Mkubwa wa kamera akacheka. “Basi, mama, sema vile unasemaka kila siku.”

Alichosema kila siku, akiweka sahani mbele yetu, kilikuwa hiki: “Kula, mwana, njala haina ndugu.” Maana yake ni kwamba njaa haimjui mtu, haiulizi wewe ni wa nani. Alikirithi kwa mama yake. Wakakubaliana. Sisi wajukuu tungekula, na mimi ningepewa neno langu moja: “Ongeza!” Nililifanyia mazoezi chooni, kisimani na njiani kwenda shule, hadi mwalimu akanitoa darasani. Nkambo naye alisukutua koo kwa maji ya chumvi na tangawizi asubuhi na jioni, akawaambia akina mama wa kanisani wote kwamba watamsikia. Hakusema watamwona. Alisema watamsikia.

Siku ya kupiga picha yenyewe, ua wetu ulijaa waya. Mkubwa wa kamera alituelekeza sisi watoto: tutafune, akisema basi, tuteme kwenye ndoo, tusije tukashiba kabla ya kazi kwisha. Nkambo akaweka mwiko chini.

“Mu lupango yangu chakula habatemake.” Katika ua wake chakula hakitemwi.

“Mama, ni mchezo tu, ni ya kamera.”

“Kamera iteme yake. Hawa batameza.”

Basi tukameza. Wakarudia, tukameza tena. Mara kuku alipita, mara wingu likafunika jua, mara lori la mgodi likanguruma. Kila mara nkambo alisonga bukari mpya, kwa sababu ya zamani haikutoa mvuke, nasi tukala mpya. Kisha, nkambo alipofika kwenye “Kula, mwana...”, king’ora kikalia. Mikono yake ikachukua sahani na kuifunika bukari. Hakumaliza sentensi.

“Coupez! Kateni!” mkubwa wa kamera akapiga kelele. “Mama! Juu ya nini unafunika? Ni bukari ile tunataka kuonesha!”

“Shi umesikia king’ora?”

Akamwomba kwa upole asifunike tena. Nkambo akaapa. Wakaanza upya, na king’ora kikalia tena, na mikono ikafunika. “Si mi,” akasema nkambo, akiitazama mikono yake kwa hasira, “ni hii.” Siku hiyo walilipua kama waliotumwa. Hata jirani aliyekuwa akichungulia juu ya ua alijikuta ameshika sufuria isiyo yake. Mkubwa wa kamera alivua kofia, akaivaa, akaivua. Mimi nilikuwa nimeshiba hadi kooni, na zamu yangu ilipofika, “Ongeza!” ilitoka kama kilio cha mtu anayechapwa. Hata nkambo alicheka.

Lakini mara moja mambo yalikubali. Jua lilikuwa zuri, lori hakuna, king’ora kimya. Nkambo akainua uso na kusema, kutoka chini hadi juu, “Kula, mwana, njala haina ndugu.” Na mimi nilimwona kijana wa sauti, rafiki yangu. Alifumba macho. Alikaa hivyo hata baada ya nkambo kunyamaza, kisha akainua kidole gumba. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sauti iliharibika. Ilikuwapo, safi, ndani ya kaseti yao.

Waliondoka wametuachia gunia la unga. Tukaanza kusubiri. Televisheni ya avenue yetu ilikuwa kwa fundi magari, naye jioni aliigeuza dirishani ili watu wa nje waone. Siku tangazo lilipotoka kwa mara ya kwanza tulikuwa tumebanana hadi barabarani, nkambo mbele kabisa kwenye kiti, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Ua wetu ukatokea. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilionekana kwa kisogo, mashavu yamevimba. Mvuke ukapanda, nkambo akainua uso, akafungua kinywa, na ikatoka sauti nyembamba, tamu kama sharubati: “À table, les enfants!” Njooni mezani, watoto. Hata meza hatukuwa nayo.

Vigelegele vikakatika. Nkambo alisogeza kiti mbele.

“Ni nani ule anasema mu kinywa yangu?”

Mke wa fundi ndiye aliyejaribu kumjibu. “Mama, ni vile banafanyaka mu télé.”

“Basi bangechukua na kinywa yake.”

Akainuka, akarudi nyumbani peke yake. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Nkambo alikuwapo, tangu asubuhi hadi jioni, juu ya moto, na lake halikuwapo. Ningependa kuonana na wahenga hao tuongee kidogo. Lile gunia hakulifungua. “Bukari ya ule mwanamuke, apike yeye,” alisema, akalipeleka kwa masista.

Lakini hakuwa mtu wa kumeza jambo kimya. Jioni iliyofuata alirudi dirishani kwa fundi, akasimama nyuma ya watu wote. Tangazo lilipofika mahali pake, kabla yule mwanamke hajatamka, nkambo alipaza sauti yake ya honi: “Kula, mwana, njala haina ndugu!” Tukacheka, tukapiga makofi. Kesho yake tulimsaidia, sisi wajukuu, halafu watoto wa jirani, halafu fundi na mkewe. Ikawa desturi. Kila jioni kabla ya habari avenue nzima ililipuka pamoja, na yule mwanamke wa Kinshasa aliyekuwa mle ndani hakusikika kabisa. Tulidhani tumemshinda.

Tangazo lilikoma, kama yanavyokoma yote. Nkambo amezikwa miaka mingi sasa. Avenue yetu iliingia ndani ya uzio wa mgodi, familia zikatawanyika, huyu Lubudi, yule Likasi, mimi hapa mjini Kolwezi, na shimo likapanuka. Niliwahi kwenda kutazama kutoka mbali. Ukitaka kumwonyesha mtu mahali mbabula ya nkambo ilipokaa, itabidi unyooshe kidole hewani.

Kwa hiyo video ilipokuja, baada ya kuitupa simu, niliiokota nikaanza kutafuta. Niliuliza huku na huku hadi nikapata namba ya yule kijana wa sauti, ambaye sasa ni mzee na ana duka la simu Lubumbashi. Alimkumbuka mara moja.

“Mama wa kufunika bukari! Ile sauti, mama, sijasahau. Njala haina ndugu.”

Nikamwuliza kaseti iko wapi.

“Bakubwa walisema kule Kinshasa habatamusikia, kule habasemake Swahili. Na kaseti zilikuwa chache. Tulikuwa tunarekodia juu ya zile za zamani. Ile nafikiri tulirekodia mechi.”

Mechi! Sikuuliza hata nani alifunga. Nilimshukuru kwa adabu niliyofundishwa, kisha nikakata simu na kutukana sufuria zangu moja baada ya nyingine.

Binti yangu, ambaye hakumkuta nkambo, alisikia simu yote na kelele zangu, akaja kuona video. Aliitazama hadi mwisho.

“Mama, kumbe hii haikuwa sauti yake?”

“Hapana. Si yake hata kidogo.”

“Yeye alikuwa anasema je?”

Swali jepesi. Nikaweka mikono kiunoni kama alivyoweka yeye, nikavuta pumzi, nikasema: “Kula, mwana, njala haina ndugu.”

Binti akanitazama. “Shi ni ile ile ya mu video, mama.”

Nikakasirika, nikarudia. Maneno yalikuwa ya nkambo, lakini yalitoka membamba, matamu, yanapanda pale yule mwanamke anapopandia. Nikaenda nyuma ya nyumba kujaribu peke yangu, chini, kwa ukwaruzo. Ninajua kwamba ilianza chini. Ninajua kwamba kijana yule alifumba macho. Nimekueleza yote hayo hapa juu bila kukosea, na yote ni maneno tu. Ninapomtafuta nkambo masikioni mwangu, anayekuja ni yule mwingine. Tulimzima jioni baada ya jioni pale dirishani, kumbe alikuwa anasubiri tuzeeke.

Nikarudi, nikazima sauti ya simu, nikaanzisha video tena. Bila sauti ni nzuri. Picha waliyoitumia ndiyo ile ya mara iliyokubali, naijua kwa jua lake. Anainua uso, midomo inafunguka, inafumba kwenye “mwana”, inachongoka kwenye “ndugu”. Anasema yake yote, hadi mwisho, na hakuna anayemkatiza.

Binti akaja akaketi kando yangu juu ya mkeka.

“Hapo anasema nini?”

Nikamwambia. Nilimwambia neno kwa neno, kwa sauti ya yule mwanamke.