Likasi ya njaa: mashavu ya yaya Béa na vidole vyake viwili

Wakuu, salama? Nimeona mnasifia vidonge vya kunenepesha, nikacheka peke yangu. Ngoja niwape yangu, bila chumvi. Chumvi yenyewe, kwetu Likasi, Kongo, miaka ya tisini, tulikuwa tunaikopa.

Yaya Béa, dada yangu mkubwa, aliuza samaki wa ziwa Tshangalele. Vidole vyake vikaanza kufa ganzi, vikageuka bluu. Miguu ikajaa madoa ya zambarau.

Mchungaji akasema ni mume wa usiku, pepo anayeoa wanawake ndotoni. Mume gani huyo anayeanza na vidole?

Daktari, ambaye serikali ilishasahau kumlipa, akaeleza vizuri: kinga ya mwili imegeuka, inashambulia mishipa ya damu. Mishipa inavimba, inaziba, damu haifiki vidoleni. Akaandika vidonge vya prednisone, vya kuituliza hiyo kinga.

"Usiache ghafla, mama. Tutapunguza polepole. Ukiacha weye mwenyewe, vidole vitakufa."

Hospitali haikuwa na kidonge hata kimoja. Nikavitafuta sokoni, nikabishana bei mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka na kibanda.

Vidole vikarudia rangi yake. Ila dawa hiyo ikamvimbisha uso, mashavu duara kabisa.

Sasa wakuu, mji mzima umekonda, mishahara haipo, halafu mtu anatokea na mashavu? Huyo ni tajiri. Waliomkwepa jana leo "bonjour, patronne", yaani habari bosi. Na yeye anaitika.

Jirani yetu Mama Nkulu akaja.

"Béa, uko unakula nini? Banasema uko na dawa ya kunonesha. Unipe na miye, bwana yangu anaangalia pembeni."

"Kamata, mama. Miye nilishapona."

Yaya akabadilisha vidonge vyake kwa unga. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, nikaona vidonge vimepungua. Nikamuuliza.

"Ni panya."

Panya wa Likasi walikuwa wamekonda kuliko sisi. Mwenye mashavu ningemwona.

Nilipoujua ukweli, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilishakuwa vyeusi kama makaa. Daktari akavikata, akaanza dozi upya. Mkono ukapona.

Funzo: dawa ya mishipa si ya mashavu. Usigawe, na usiache bila daktari.

Yaya bado yuko sokoni. Anahesabu samaki kwa vidole vinane, na wateja bado wanapunjwa.

Nyie mnaomeza kwa ajili ya shavu, karibuni hapa chini. Semeni tu mngetoa kidole kipi.