Kifusi Kimwagwe Wapi

Mwaka ule tulikula magimbi. Asubuhi magimbi, mchana magimbi, jioni mwenye bahati anapata na kunde juu yake, maana panya walimaliza mahindi ghalani. Ninyi mnaoandika tarehe mtasema ni katikati ya miaka ya hamsini. Mimi nasema ni mwaka wa magimbi, na ndio nilioanzia kazi ya kuchimba vitu vya watu wa kale, huko nje ya Mbalizi, mume wangu alipokuwa kibarua wa barabara.

Siku ya kwanza nilifika na jembe begani. Nyapara akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama, hilo jembe rudisha nyumbani. Hapa hatulimi."

Kweli, siku nyingi zilipita hatujachimba hata pa kuku kuogea. Tulipiga vigingi na kufunga kamba, ardhi yote ikawa miraba miraba. Mwenzangu Sekela akauliza, "Sasa hapa ni kabichi au vitunguu?" Wazee wa pale hawakucheka. Walidhani mzungu anapimiwa shamba la kahawa, wakaving'oa vigingi vyote. Bwana Mkubwa, ndiye huyo mzungu mkuu wa uchimbaji, akaenda kukaa nao, akawaonyesha shoka la jiwe, akawaambia akimaliza atayafukia mashimo aondoke. Vigingi vikarudi. Hapo nikajua kazi hii inaanzia kwa wenye ardhi.

Mengine nilijifunza kwa mikono. Udongo unakwanguliwa kwa mwiko wa mwashi, tabaka baada ya tabaka, yaani kila unapobadilika rangi unasimama kwanza. Halafu unatikiswa kwenye chekeche. Unaobaki hauna kitu, ndio kifusi, unabebwa kwa karai ukamwagwe. Mkono wangu kwenye chekeche ulikuwa mzuri, nasema mwenyewe. Bwana Mkubwa alipohamia Iringa alinichukua, tena korongo alilolitaka lilikuwa nyuma ya kwa wakwe zangu.

Sasa mpango wa uchimbaji lazima useme kifusi kitakwenda wapi. Ukikimwaga ovyo, kesho unataka kuchimba palepale, unaanza kuhamisha mlima wako mwenyewe. Bwana Mkubwa alipima akaona mahali pasipo na mawe ya kale hata moja: kwenye mianzi yangu.

Mianzi ile ni ya ulanzi. Mvua zikianza machipukizi yanatoka, unakata ncha, unaning'iniza mbeta, kile kikopo cha mwanzi, pombe inajidondokea yenyewe. Ukiyafukia machipukizi, mianzi imekwisha. Mama mkwe alinikabidhi nilipoolewa, mimi Msafwa kati ya Wahehe. Pale Iringa hicho tu ndicho kilichoitwa changu.

Nyapara akaja. "Mama, karai la kwanza litamwagwa pale."

"Pale wapi?"

"Penye mianzi. Amri ya Bwana Mkubwa. Au wewe umeajiriwa na mianzi?"

Vibarua wote wakageuka kunisikiliza. Mume wangu alikuwa hana kazi wakati huo. Nikaweka karai chini. "Hapa simwagi kifusi, na mwingine hamwagi. Kama ni kazi, chukueni."

Nyapara akaenda kusema. Bwana Mkubwa akaja mwenyewe, akaitazama mianzi, akanitazama mimi, akauliza kwa Kiswahili chake, "Hii chakula?"

"Pombe," nikasema.

Akatoa kifutio, akafuta kwenye mchoro wake. Kifusi kikahamishiwa ng'ambo ya korongo, kushuka na kupanda. Wifi yangu, naye kibarua, akawa ananipitia na karai kichwani: "Umetufanya punda kwa ajili ya ulanzi wako!" Mvua zilipofika, wa kwanza kuja na kopo alikuwa yeye. Wa pili nyapara.

Nilifanya kazi ile mpaka magoti yakakataa. Siijutii hata kidogo. Mawe niliyoyachekecha yamewekwa makumbusho ndani ya kioo, wajukuu zangu wanapelekwa na shule kuyatazama, nami nawaambia mchukuzi wake ni huyu hapa.

Juzi wamekuja vijana wa chuo, wanataka kuchimba tena lile korongo. Wana adabu, wameanzia kwangu. Wakafungua mchoro wao, kijana mmoja akaweka kidole kwenye mianzi. "Bibi, kifusi tulikuwa tunafikiria hapa."

Mjukuu wangu akaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Hapa simwagi kifusi, na mwingine hamwagi. Kama ni kazi, chukueni."