Mjukuu wa Bibi Asiyezaa

Alasiri ile tulikuwa kwa shoga yangu, mtaa wa Ansab huku Uarabuni, dele la kahawa bado la moto. Simu yake ikalia. Akaiweka kwenye spika, maana sikio lake moja limekufa. Mwanamume akatoa salamu za kwetu hasa: shikamoo bibi, khabari za wajukuu, na mguu je? Kisha akasema yeye ni mtu wa benki, kadi ya shoga yangu imefungwa, na ili ifunguliwe amsomee nambari sita zitakazoingia kwenye simu.

"Wewe wa nani, mwanangu?" akauliza shoga yangu.

Hakusita. Akautaja mtaa wetu wa Unguja, akautaja ukoo, akamtaja na bibi yake mzaa baba. Loo, uso wa shoga yangu ukang'ara! Kwetu sisi, mtu akishamtaja bibi yake huwezi kumkatia simu. Utakuwa umemvunjia heshima aliye kaburini. Nambari zikaingia. Na pesa zake zote za umra zimo benki mle, kazidunduliza tangu afiwe na mumewe. Akavaa miwani, akaanza kusoma.

Mie kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, lakini majina ya mtaa ule nnayo kichwani, nyumba kwa nyumba, wazima na maiti. Nikamnyang'anya simu.

"Bibi yako huyo namjua. Kazaa wangapi?"

"Watano, bibi."

"Watano! Basi kawazaa kaburini. Mie ndiye niliyemwosha, na hakupata hata mmoja!"

Akanitukana tusi la nguoni, akakata. Wee, tulicheka mpaka kahawa ikamwagika mkekani!

"Nishafika nambari ya tatu, shoga!" akasema, machozi yanamtoka.

Mjukuu wangu wa kike, naye anafanya kazi benki, alikuja kunichukua akatukuta hivyo. Nikamsimulia kwa mbwembwe zote. Hakucheka. Kwanza alipiga simu benki, kadi ikafungwa kweli safari hii. Kisha akanigeukia.

"Na angalisema bibi yake hakuzaa, kamlea baba yake tu? Ungalimpa?"

Ningalimpa, na kahawa ningalimkaribisha.

"Majina mnayatoa wenyewe, Bibi. Kila taazia, kila harusi, mnaandika ukoo mzima kwenye makundi ya simu. Anayetaka nambari zile ni mwizi, hata akikutajia babu saba. Benki hatuziulizi."

Akamnyooshea mkono shoga yangu. "Hebu nipe simu, nizione hizo zilizoingia."

Shoga yangu akaifutika simu kifuani, kanga juu yake.

"Ng'o! Nakujua tangu u tumboni, na sikupi!"

Hapo ndipo mjukuu wangu alipoangua kicheko, akaketi, akataka kikombe.