Wachache wa Desemba

Nilipoomba kusomea sheria ng'ambo, mwalimu mmoja wa chuo alinihoji kwa simu ya video nikiwa nyumbani Mwika. Akauliza kama natoka jamii ya wachache, maana chuo chao kinawatengea nafasi. Hasira zikanipanda, tangu lini Wachagga tukawa wachache? Nikamtafsiria mama, aliyekuwa akimenya ndizi za mtori pembeni yangu. Akacheka mpaka kisu kikamdondoka.

"Wachache sisi? Mwambie aje Desemba, ndugu wote wakirudi nyumbani, aone kama atapata pa kulala!"

Nikamwambia vilevile. Naye akacheka, na nafasi nikapata.

Desemba ya kwanza huko, nilibaki bwenini peke yangu. Mama akapiga simu, kelele za ndugu zimejaa nyuma yake.

"Tumejaa mpaka migombani, mwanangu," akasema. "Lakini tumepungua."